Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mwili wa Megapropodiphora, inzi wa ukubwa wa punje ya chumvi

Mwaka 2018 Brian Brown, mtaalamu wa inzi katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Los Angeles, alichapisha maelezo ya inzi jike aliyepatikana karibu na mji wa Manaus, Brazili. Urefu wake wote, kichwa hadi mkiani, ulikuwa milimita 0.395. Hakukuwa na jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ya kumweka, kwa hiyo akaunda mpya na kuiita Megapropodiphora. Kila nikimtaja inzi huyu mbele ya watu, wawe wanafunzi au majirani, maswali yanayokuja ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa na maswali hayalingani uzito.

Neno moja kuhusu lugha. Viungo vya wadudu navitaja kwa majina ya viungo vyetu pale inapowezekana: nyonga, paja, ugoko, wayo. Mguu wa inzi una vyote hivyo, kwa mpangilio huo huo.

Milimita 0.395 ni ndogo kiasi gani hasa?

Chukua rula ya shule. Tazama vile vistari vidogo kabisa. Nafasi kati ya kistari kimoja na kingine ni milimita moja, na humo wangelala inzi wawili na nusu wa aina hii, kichwa kwa mkia. Inzi wa nyumbani ana milimita 6 hadi 7, yaani anamzidi urefu mara 15 au zaidi. Ukipiga hesabu ya ujazo badala ya urefu, wangehitajika zaidi ya 3,000 kumjaza mmoja wa jikoni kwako.

Ndani ya chupa ya spiriti hafanani na mdudu kabisa. Anatua chini pamoja na vumbi la mabawa ya nondo na vipande vya miguu ya sisimizi, na asiyejua atamwaga vyote. Kumtambua kwenye hiyo taka ni nusu ya kazi, na hakuna mashine inayomfanyia mtu kazi hiyo. Ni jicho lililozoea.

Si mtoto wa inzi mwingine? Labda hajakua.

Hapana. Swali hili naulizwa kuliko mengine yote, na chanzo chake ni jikoni: tunaona inzi wakubwa, tunaona na wadogo juu ya ndizi zilizoiva, tunadhani ni mama na watoto. Inzi hakui baada ya kupata umbo la inzi. Anayekua ni buu. Buu anakula, ananenepa, anakuwa pupa, na kinachotoka kwenye pupa ni mtu mzima wa ukubwa atakaokufa nao. Wale wa kwenye ndizi ni watu wazima wa familia nyingine kabisa.

Na mnajuaje kuwa ni inzi, ikiwa hata mabawa hana?

Ana vibutu vya mabawa, lakini swali ni la haki. Oda nzima ya inzi, ambayo ndani yake wamo pia mbu, usubi na mbung'o, inatambulika kwa jambo moja: mabawa mawili tu pale wadudu wengine wanapokuwa na manne. Mabawa ya nyuma hayakupotea bure. Yamegeuka halteri, vijiti viwili vifupi vyenye kichwa mviringo kama njiti ya kiberiti. Inzi anaporuka, halteri hupiga kwa kasi ile ile ya mabawa lakini kwa upande wa pili: bawa likiwa juu, halteri iko chini. Mwili ukiyumba, chembe za hisia kwenye shina la halteri zinajua mara moja. Ukimkata halteri, anaanguka akijipindua.

Sasa, inzi aliyeacha kuruka huacha na vyombo vya kurukia, kwa hiyo alama kubwa ya oda inakuwa imefifia. Hapo unategemea mengine: umbo la papasi (vile vipembe vya kichwani, si kupe), sehemu za mdomo, jinsi kifua kilivyogawanyika, mpangilio wa nywele. Mdudu aliyekosa mabawa bado amebeba ukoo wake usoni.

Ni wa familia gani?

Phoridae. Sijasikia jina la Kiswahili lililoenea, mimi nawaita inzi vibyongo kwa sababu kifua chao kimenyanyuka na kichwa kimeinamia chini. Spishi zilizokwisha kupewa majina zimepita 4,000. Umewahi kuwaona: wako bafuni na karibu na ndoo ya taka, inzi mdogo wa rangi ya udongo ambaye ukimsogelea hapai, bali anakimbia kwa vishindo vishindo, anasimama ghafla, anakimbia tena. Huyo wa majumbani mara nyingi ni Megaselia scalaris, ameenea karibu dunia nzima ya joto.

Basi mwili wa Megapropodiphora ukoje? Tuanze kichwani.

Ili umwelewe, inabidi kwanza umjue kibyongo wa kawaida, kisha utazame huyu ameacha nini na ameongeza nini. Maelezo ya jenasi ndivyo yanavyosomwa. Mtaalamu haandiki "ana macho mawili", kwa sababu hilo halimtofautishi na yeyote.

Kibyongo wa kawaida ana macho mawili makubwa ya vijicho vingi, na juu ya paji la uso vijicho vitatu rahisi vilivyokaa pembetatu kama mafiga. Paji lenyewe lina nywele ngumu zilizopangwa kwa safu, na safu hizo zina umuhimu kama namba ya gari. Papasi ni fupi. Pingili inayoonekana zaidi imevimba mviringo kama mbaazi, na humo huchomoza unywele mrefu mmoja.

Kifua cha inzi kina sehemu tatu, lakini ukikitazama kwa juu utadhani ni moja. Sehemu ya kati imezimeza nyingine mbili, kwa kuwa ndiyo inayobeba misuli ya mabawa. Nyuma yake kuna kingao, kipande kidogo cha umbo la ngao, nacho kina nywele zake za kuhesabiwa. Bawa la kibyongo lina sura ambayo ukiiona mara moja huisahau: mishipa minene imesongamana ukingoni mwa mbele karibu na shina, halafu mishipa kama minne myembamba inaelekea ukingo wa nje, kila mmoja njia yake, bila mshipa wa kuziunganisha. Ni kama barabara za shamba la mkonge zisizo na njia panda.

Na miguu. Katika familia hii mguu wa kutajika ni wa nyuma, paja lake pana na bapa. Ndio unaompa ule mwendo wa vishindo.

Megapropodiphora amegeuza mpango huo. Mabawa yamebaki vibutu. Miguu ya kati na ya nyuma, ile ambayo ndugu zake wanajivunia, imepungua hadi kuwa midogo mno. Ya mbele imevimba kupita kiasi, imejaa kuliko inavyostahili mwili ule. Kichwa ni kikubwa kwa kulinganisha na kiwiliwili. Ukiona picha yake mara ya kwanza unadhani mchoraji amekosea vipimo, ameanza kuchora mdudu mkubwa kwa mbele na karatasi ikamwishia.

Jina lenyewe linasimulia hayo kwa Kigiriki: mega ni kubwa, pro ni mbele, podi ni mguu, na phora ni mwisho unaotumika kwenye majina mengi ya familia hii.

Miguu mikubwa ya mbele inamsaidia nini?

Hapa natenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa, na ningependa kila anayeandika habari za wadudu afanye hivyo.

Kilichoonekana ni umbo: miguu ya kushika ni mikubwa, ya kukimbilia imekufa, na mabawa hayafai kurukia. Kilichokisiwa ni maisha: kwamba anapata sisimizi au mchwa, anamkumbatia kwa miguu ya mbele na kubebwa naye, akisubiri nafasi ya kutaga. Brown mwenyewe alilitoa kama dhana. Ni dhana nzuri, kwa sababu mdudu asiyeruka wala kukimbia lazima awe na usafiri, na inalingana na desturi za ndugu zake.

Desturi zenyewe si za upole. Jenasi ya Pseudacteon, vibyongo wa Amerika wanaowinda sisimizi wa moto, jike humchoma sisimizi kifuani na kuacha yai. Buu akianguliwa huhamia kichwani, akala misuli na vyote vilivyomo. Siku ikifika, tando zinazoshikilia kichwa zinayeyuka, kichwa kinaanguka, na buu anakuwa pupa ndani ya hicho hicho kichwa kama mtu aliyejipatia nyumba. Marekani waliwaachia Pseudacteon makusudi, tangu miaka ya 1990, kupambana na sisimizi wa moto waliovamia majimbo ya kusini.

Ni kweli amepewa jina la Arnold Schwarzenegger?

Kweli. Jina la spishi ni arnoldi, kwa ajili ya hiyo misuli ya mbele. Kuna wanaoona ni mzaha usiofaa katika sayansi. Mimi sioni tatizo: kanuni haikatazi, na bila jina hilo nani angeuliza habari za inzi wa Manaus?

Ndiye inzi mdogo kuliko wote duniani?

Kati ya waliokwisha kuelezwa, kwa tofauti ya unywele. Kabla yake alikuwapo Euryplatea nanaknihali wa Thailand, ambaye Brown huyo huyo alimweleza mwaka 2012, milimita 0.40. Jenasi ya Euryplatea ilikuwa imejulikana kitambo kwa spishi moja ya Afrika, kutoka Guinea ya Ikweta, inayowashambulia sisimizi wa jenasi Crematogaster, wale wa kukunja tumbo juu wanapoudhika. Tofauti ya milimita 0.005 ni ndogo kuliko kosa linaloweza kuletwa na mwili kunywea kidogo ndani ya spiriti, kwa hiyo usiweke dau.

Mdudu mdogo kuliko wote si inzi. Ni nyigu ambaye jike na dume hawafanani, Dicopomorpha echmepterygis, ambaye dume wake ana milimita 0.139 tu.

Ndani ya mwili kama huo viungo vinaenea vipi?

Kwa shida, na kwa kuacha vitu. Seli haipungui ukubwa bila mwisho, kwa hiyo mnyama akipungua sana anabaki na seli chache. Mfano uliochunguzwa vizuri si inzi bali nyigu Megaphragma, wa kama milimita 0.2. Mwaka 2012 Alexey Polilov alionyesha kuwa mfumo wake wa neva una seli zipatazo 7,400, na kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hizo, akishakuwa mtu mzima, hazina kiini tena. Vimeyeyushwa ili kupata nafasi. Na bado anaruka, anatafuta mwenyeji wa kutagia, anataga.

Mayai ni tatizo lingine. Yai lina kiwango cha udogo ambacho chini yake buu hatoki. Ndiyo maana kwa wadudu wadogo sana mara nyingi tumbo la jike limejaa mayai machache makubwa, na viungo vingine vimebanwa pembeni kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni.

Mtu anamchunguzaje mdudu asiyeonekana?

Pini haifai, hata ile nyembamba kabisa ingempasua. Anawekwa kwenye kipande cha kioo. Kwanza anaogeshwa kwenye haidroksaidi ya potasiamu, ambayo huyeyusha nyama na kuacha gamba. Wadudu wana mifupa nje, kwa hiyo gamba ndilo mwili wa kusomwa. Kisha maji yanatolewa kwa spiriti kali, na baada ya hapo wengi hutumia mafuta ya karafuu, hayo hayo yanayonukia Pemba nzima wakati wa mavuno. Mafuta hayo huling'arisha gamba hadi mwanga wa hadubini unapita. Maabara ya wadudu inanukia kama pilau, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika.

Kisha unatenganisha. Kichwa peke yake, mabawa peke yake, ncha ya tumbo peke yake, kwa sindano ulizozinoa mwenyewe. Kazi hii inataka mikono isiyotetemeka, kwa hiyo haifanywi baada ya kahawa. Siku moja nilikuwa na kibyongo wa milimita moja na nusu, mkubwa wa heshima ukilinganisha na huyu tunayemzungumza. Joto la Dar lilikuwa lile la Februari, nikawasha feni ya juu. Mguu wa nyuma wa kushoto ukaruka. Nilipiga magoti na tochi mpaka adhuhuri. Katika maelezo ya kielelezo kile utasoma "mguu wa nyuma wa kushoto haupo", kana kwamba ni bahati mbaya ya msituni.

Kwa nini mnahesabu nywele?

Mama mkubwa aliniuliza hivyo hivyo. Alinikuta nimeinamia hadubini, akataka kujua natazama nini, nikamwambia nahesabu nywele za kingao cha inzi. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, ndiyo kazi uliyosomea hiyo?"

Ndiyo, mama. Nywele ngumu za inzi hazioti ovyo kama malaika za mikono yetu. Kila moja imekaa kwenye tundu lake, ina neva yake, na mahali pake ni pale pale kwa kila mmoja wa spishi hiyo. Inzi wawili wanaweza kuwa na rangi moja na ukubwa mmoja, lakini mmoja ana nywele mbili kwenye kingao na mwingine ana nne, na hiyo ni dalili kwamba njia zao zilitengana zamani. Rangi hupauka kwenye spiriti. Unywele ukikatika, tundu lake linabaki, nalo linahesabika.

Kwa madume kuna ushahidi mzito zaidi: viungo vya uzazi kwenye ncha ya tumbo. Katika Megaselia, jenasi yenye spishi zaidi ya 1,500, kuna wanaofanana kila kitu isipokuwa hapo. Wanaozoea kazi hii hawaoni haya kulisema. Ndipo spishi zinapotofautiana, basi.

Nani anaamua kuwa hii ni jenasi mpya, si spishi mpya tu ya jenasi ya zamani?

Anayeeleza. Hakuna baraza linalopiga kura.

Kuna Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne linalotumika tangu tarehe 1 Januari 2000, lakini hiyo inasimamia majina, haisimamii maoni. Inataka uandike waziwazi kuwa jina ni jipya. Utoe maelezo ya kutofautisha. Utaje spishi ya kielelezo ya jenasi, yaani spishi ambayo jina la jenasi litaifuata popote itakapopelekwa. Na kwa kila spishi utaje kielelezo kimoja halisi na mahali kilipohifadhiwa. Ukichapisha kwa njia ya elektroniki, jambo lililoruhusiwa mwaka 2012, lazima pia uwe umesajili kwenye ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Hayo yakitimia, jina ni halali hata kama wenzako wote wanaona umekosea.

Je, umekosea? Hapo ndipo anatomia inapoingia. Ukiweza kumwingiza mdudu katika jenasi iliyopo bila kuivuruga tafsiri yake, mwingize. Ukilazimika kuandika "jenasi hii ina miguu ya nyuma yenye paja pana, isipokuwa mmoja ambaye hana, na ana mabawa, isipokuwa huyo huyo", basi tafsiri imekufa na mgeni anahitaji chumba chake. Jenasi yenye spishi moja inaruhusiwa. Wapo wanaozinunia, wakisema kila kitu cha ajabu kinapewa jenasi yake kwa uvivu wa kutafuta ndugu. Wana hoja: ajabu si ukoo. Viungo vikipotea, vinapotea kwa njia zile zile, na wadudu wawili wanaoishi na sisimizi wanaweza kufanana kwa kazi bila kufanana kwa damu.

Vinasaba havimalizi ubishi?

Vinasaidia mno. Kipande cha jeni kiitwacho COI, chenye herufi kama 650, hutumika kutenganisha spishi, na siku hizi vinasaba vinatolewa bila kumsaga mdudu: anawekwa kwenye kimeng'enya, nyama inayeyuka, gamba linabaki zima. Lakini herufi hazikuambii mguu una kazi gani.

Picha nzuri ya simu haitoshi?

Mwaka 2015 Stephen Marshall na Neal Evenhuis walieleza spishi ya inzi-nyuki wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, kwa picha tu. Mdudu mwenyewe hakuwahi kukamatwa. Yalizuka malumbano makali. Kwa mdudu mkubwa mwenye rangi za kipekee naelewa kishawishi. Kwa mdudu wa milimita 0.4 usijaribu. Picha haigeuzwi chini juu, na kesho mtu akiuliza kuhusu nywele za paja la ndani, utamjibu nini?

Huku kwetu wapo inzi wa ajabu kama hao?

Kenya inaye mmoja anayemtia adabu Megapropodiphora kwa ajabu, ingawa si kwa udogo. Mormotomyia hirsuta ana urefu wa kama sentimita moja, miguu mirefu, mwili mzima nywele za manjano, mabawa kama vipande vya utepe visivyorusha kitu, macho madogo. Ukimwona akitembea utasema buibui. Alipatikana mwaka 1933 kwenye kilima cha Ukazi, kati ya Thika na Garissa, ndani ya ufa wa mwamba wanamoishi popo. Mabuu hukulia kwenye mavi ya popo hao. Ernest Austen alimweleza mwaka 1936 na ikabidi apewe si jenasi tu bali familia yake peke yake. Akaonekana tena 1948, kisha kimya hadi 2010, Robert Copeland na Ashley Kirk-Spriggs walipomkuta mwamba ule ule.

Ukimlinganisha na wa Manaus utaona nilichosema kuhusu kazi na damu. Wote wawili wameacha kuruka na wote mabawa yamenywea, lakini mmoja amerefusha miguu yote sita, mwingine amebakiza miwili. Hawana undugu wa karibu hata kidogo.

Na huna haja ya kwenda Ukazi. Mwaka 2015 Emily Hartop, Brown na Henry Disney walieleza spishi 30 mpya za Megaselia, zote kutoka ndani ya jiji la Los Angeles, kwa mitego iliyowekwa kwenye nyua za watu. Kama Los Angeles ilikuwa na 30, fikiria ua wenye mwembe Tanga.

Naweza kujaribu mwenyewe nyumbani?

Beseni la manjano, maji, tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Liache chini ya mti asubuhi, jioni chuja kwa kitambaa chembamba. Rangi ya manjano inawavuta, sabuni inawazamisha. Wahifadhi kwenye spiriti na karatasi iliyoandikwa kwa penseli mahali na tarehe; wino wa kalamu unayeyuka, na mdudu asiye na mahali wala tarehe ni uchafu tu. Ukitaka kufanya utafiti rasmi au kutuma vielelezo nje ya nchi, tafuta vibali kwanza: Tanzania unaanzia COSTECH, Kenya NACOSTI.

Kwa nini mnasisitiza kuwa ni jike? Kuna tofauti gani?

Katika familia hii, kubwa mno, na waliwahi kukosea wakubwa. Mwaka 1900 Erich Wasmann, padri Mjesuiti aliyewajua wageni wa vichuguu kuliko karibu mtu yeyote wa enzi yake, alieleza jenasi mpya ya inzi wanaoishi na mchwa: Termitoxenia. Tumbo limefura kama puto, mabawa ni vibutu. Kila aliyempata alikuwa na mayai. Madume hakuyaona hata moja. Akahitimisha kuwa hayapo, kwamba kila mmoja wa inzi hao ni dume na jike kwa pamoja.

Madume yalikuwapo. Yalikuwa yameshakusanywa na kupewa majina, ila hayakufanana na majike kwa lolote, kwa hiyo yaliwekwa kwenye nusufamilia nyingine, Alamirinae. Mwaka 1992 ndipo Disney na Cumming walipoifuta nusufamilia hiyo na kuwarudisha waume kwa wake zao, miaka 92 baada ya Wasmann.

Alama alizoandika Wasmann kuhusu gamba, vibutu na tumbo bado zinasomeka. Kilichomwangusha ni kueleza asichokiona.

Dume wa Megapropodiphora anafananaje?

Maelezo ya 2018 ni ya jike. Kwa kutazama ndugu zake, ambao kwao ni kawaida jike kukosa mabawa na dume kuwa nayo, dume anaweza kuwa na mabawa mazima yenye ile mishipa minne isiyo na njia panda, na miguu ya mbele ya kawaida tu, isiyomstua mtu. Anaweza kuwa tayari yumo kwenye chupa ya spiriti mahali fulani, pamoja na vumbi la nondo, na kikaratasi cha penseli chenye jina la jenasi nyingine.